Tui alikataa kula: kikavu, cha kopo, na maji ya uvuguvugu

Jamani nimeona niandike hii nikiwa bado naikumbuka vizuri, maana kipindi nahangaika nilitafuta sana mtu aliyeandika kwa Kiswahili, anayeishi kwenye joto kama letu na ananunua kwenye maduka kama yetu, sikumpata. Nina mtoto wa mbwa, spitz, mweupe pee kama tui la nazi ndo maana jina lake Tui. Nilimchukua ana wiki 9 na kilo 2.1, naishi Goba, Dar. Sasa hivi ni wiki sita na ushee, na ndani ya hizo wiki nimemlisha chakula kikavu cha kupima (zile punje za mbwa), cha kopo aina mbili, na kikavu cha mfuko uliofungwa kiwandani, na kila mara nilikaa sakafuni nikamwangalia anavyokula au anavyokataa. Majina ya kampuni nayaacha makusudi, huku kwetu chapa uliyoiona rafuni mwezi huu mwezi ujao haipo, bora ujue cha kuangalia kwenye lebo ujichagulie.

Nilianza na kikavu cha kupima. Hii mnaijua, duka la vyakula vya mifugo, gunia limefunguliwa mdomo, kikombe kimezamishwa ndani, unapimiwa kilo unawekewa kwenye mfuko wa kaki. Shilingi 7,000 kwa kilo. Muuzaji akaniambia "dada chukua hiki, wote wanachukua hiki", nikachukua kilo mbili. Nikamwekea Tui kwenye kibakuli, akaja mbio, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili, akakaa akawa ananiangalia mimi badala ya chakula. Nikamsukumia kibakuli, akageuza uso. Mchana hivohivo. Kuna jirani yetu mzee mmoja amefuga mbwa wa ulinzi miaka mingi, namheshimu sana, nikamsalimia nikamweleza, akaniambia mwanangu mwache na njaa, mbwa hachagui, usiku atakula. Nikamwamini kwa sababu mbwa wake wana afya nzuri kweli.

Usiku Tui hakula. Ilipofika saa nne hivi nikaona anatetemeka, anatembea miguu ya nyuma inapishana kama mtu mwenye kizunguzungu, kisha akalala na nikimwita anafungua jicho moja tu analifunga. Nilichukua bajaji na kitambaa nikamfunga kifuani mpaka kwa dokta wa mifugo. Dokta alipomwona tu, kabla hata ya kuniuliza jina, akachovya kidole kwenye maji ya glukosi akampaka kwenye fizi, akampaka tena, na baada ya dakika chache mtoto akainua kichwa. Sukari ilikuwa imeshuka. Akanieleza kwamba mbwa mdogo wa mwili, tena mtoto, hana akiba ya kutosha mwilini kama mbwa mkubwa, ukimkosesha milo miwili mitatu sukari inaporomoka na anaweza kufa usiku huohuo. Mbwa mkubwa mwenye afya akisusa siku moja si jambo la kutisha sana, lakini papi wa kilo mbili usimfundishe kwa njaa, naomba sana mtu yeyote anayesoma hapa alibebe hilo hata kama mengine yote ataacha. Ikikutokea uko mbali, mpake asali au sukari iliyoyeyushwa kwenye fizi, kidogokidogo, huku uko njiani kwenda kwa dokta.

Akampima joto, akachukua choo akakipeleka kwenye darubini, akapima na parvo (ule ugonjwa wa virusi wa kuharisha unaoua watoto wa mbwa), vyote salama. Ndo akaniambia nimletee hicho chakula kesho yake. Nilipompelekea alichukua punje tano, akazisugua kwenye viganja mpaka zikapata joto, akaninyooshea mkono. "Hebu nusa hapa dada." Harufu ile naijua, ni ile ya mafuta ya kukaangia chipsi yaliyorudiwa wiki nzima, na nyuma yake kuna kitu kama rangi ya mafuta ya ukutani. Mafuta yalikuwa yamechacha. Mimi nimekaa nacho siku mbili sikusikia kitu kwa sababu kikiwa cha baridi hakitoi harufu sana kwa pua ya mtu, ila kwa mbwa ni kelele.

Sababu yake nimekuja kuielewa baadae. Zile punje zinatengenezwa kwa unga wa nafaka, nyama iliyokaushwa na vitu vingine, unakandwa, unapikwa kwa mvuke na mgandamizo, unasukumwa kwenye tundu, unakatwa, unavimba, unakaushwa mpaka unabaki na maji kama asilimia 10 tu. Halafu mwisho kabisa ndo zinapuliziwa mafuta na ladha kwa nje. Kwahiyo kile kinachomvutia mbwa kipo juu ya ngozi ya punje, na ndo cha kwanza kuharibika kikikutana na hewa, joto na unyevu. Gunia limefunguliwa Dar, limekaa dukani wiki ngapi hujui, mkono huu na ule, hapo hata vitamini A na E zinakuwa zimepungua maana zinaharibika pamoja na mafuta. Na unyevu ukiingia kuna hatari ya ukungu, na ukungu kwenye mahindi unaleta sumukuvu ambayo inaua ini la mbwa kama inavyoua la mtu. Mwishoni mwa 2005 kule Marekani mbwa wengi walikufa kwa chakula kikavu kilichotengenezwa na mahindi yenye sumukuvu, na kile kilikuwa cha mfuko wa kiwandani, sasa fikiria la mdomo wazi. Kwahiyo Tui wala hakuwa anachagua chakula. Alikuwa sahihi. Cha kupima nakipa nyota sifuri, na duka hilo sirudi kwa ajili ya chakula cha mbwa, ingawa sidhani kama muuzaji alijua.

Dokta akasema kwa siku chache mpe cha kopo ale apate nguvu. Nikaenda supamaketi moja, nikamwelezea kijana wa rafuni kwamba ni wa mtoto wa mbwa, akanipa makopo manne yenye vipande vya nyama kwenye mchuzi mzito, akasema kinafaa umri wote. Aisee. Nilipolivuta tu lile pete la kopo, ule mlio, Tui akatoka kibarazani akaja anateleza kwenye vigae. Alikula kwa sekunde labda 20, akalamba kibakuli akakisukuma kwa ulimi kutoka mlangoni mpaka kikagonga friji, akaendelea kulamba kikiwa pale kimegota. Nililia kidogo, niseme ukweli, baada ya ule usiku kumwona anakula hivyo.

Siku ya tatu akaanza kuharisha. Kwanza ni kosa langu la kubadilisha ghafla, tumbo la papi linataka siku 7 mpaka 10 za kuhamishwa, unaanza robo ya kipya na robo tatu ya cha zamani, baada ya siku mbili tatu nusu kwa nusu, na kuendelea. Mimi sikuwa na cha zamani cha kuchanganya, kilikuwa kimeharibika, lakini ningeweza kuanza na kidogokidogo mara nyingi. Kitu cha pili ndo kiliniuma zaidi. Nikakaa na lile kopo tupu nikawasha tochi ya simu kwa sababu maandishi ni madogo mno, nikakuta limeandikwa ni chakula cha nyongeza, neno lenyewe kwenye lebo ni complementary. Maana yake hakina kila kitu ambacho mbwa anahitaji, ni cha kuongezea juu ya chakula kingine, ukimpa peke yake wiki kwa wiki mtoto wa mbwa anakosa madini na vitamini huku tumbo limejaa na wewe umefurahi. Unachotakiwa kukitafuta ni complete, yaani kamili, na pia kiseme ni kwa ukuaji au kwa puppy. Baadhi ya makopo ya vipande kwenye mchuzi ni ya nyongeza, na yana picha ya mbwa mzuri mwenye afya mbele kabisa, lebo ya ukweli iko nyuma pembeni. Yule kijana hakuwa na nia mbaya ila aliniambia kitu asichokijua, na mtoto wangu wa mbwa kakila siku tatu.

Basi nikanunua kopo la pili, sehemu nyingine, hili laini kama maini yaliyosagwa, limeandikwa kamili kwa watoto wa mbwa. Gramu 400, shilingi 7,500. Hili lilikuwa zuri, sina neno. Alikula, choo kikakaa sawa baada ya siku nne, uzito ukaanza kupanda (nampima kila Jumapili kwenye beseni juu ya mizani ya jikoni, unaweka sifuri na beseni kwanza). Kitu kizuri cha kopo ambacho watu hawakisemi ni maji, karibu asilimia 78 mpaka 80 ya kilichomo ni maji, kwahiyo papi ambaye hanywi vizuri kwenye hili joto la Februari anapata maji ndani ya chakula. Na harufu yake iko wazi, haihitaji mtu kuisugua. Na kinapikwa kikiwa ndani ya kopo lililokwishafungwa, kwa moto mkali, ndo maana kinakaa miaka bila kuoza mpaka siku unalifungua.

Sasa tatizo ni siku unalifungua. Kopo likifunguliwa ni friji, siku tatu nne basi. Usiku mmoja umeme ulikatika tangu saa moja jioni mpaka alfajiri, asubuhi nikanusa kile kilichobaki nikakimwaga, nusu kopo nzima. Sisimizi nao, Mungu wangu, kibakuli chenye chakula laini ukikiacha robo saa wameshapanga mstari kutoka dirishani, ikabidi nikae nakiweka kibakuli katikati ya sinia lenye maji. Na kwenye joto letu cha kopo kikibaki kibakulini mi nakitupa ndani ya nusu saa, sikai nacho.

Halafu hela. Hapa nilikaa na kalamu. Dokta alinikadiria kwamba Tui akiwa na kilo mbili na nusu na umri ule anataka kama kalori 380 kwa siku, zile zinazoandikwa kcal kwenye lebo. Kopo langu lilikuwa na 95 kwa kila gramu 100, kwahiyo gramu 400 ndo 380 kamili, yaani kopo zima kila siku, 7,500 kila siku, 225,000 kwa mwezi kwa mbwa ambaye anaenea kwenye kapu la sokoni. Kikavu cha mfuko nilichokuja kununua kina 380 kwa gramu 100. Gramu 100 tu kwa siku. Mfuko wa kilo tatu ni 54,000 na unaisha mwezi. Yaani cha kopo ni zaidi ya mara nne, na sehemu kubwa ya unacholipia ni maji, ambayo maji ninayo.

Ila hapa msidanganywe na lebo kama nilivyotaka kudanganyika mimi. Ukiangalia kopo limeandikwa protini asilimia 8, kikavu asilimia 30, unasema kopo ni takataka. Sivyo. Lazima utoe maji kwanza. Kopo lenye maji asilimia 80 lina vitu vikavu 20 tu, sasa 8 ndani ya 20 ni asilimia 40. Kikavu chenye maji 10 kina vikavu 90, 30 ndani ya 90 ni kama 33. Kumbe kopo ndo lina protini nyingi zaidi. Kipimo wanachotumia wengi ni cha AAFCO, chama cha Marekani kinachoweka viwango vya vyakula vya wanyama, kwamba chakula cha mbwa anayekua kikishatolewa maji protini isipungue asilimia 22.5 na mafuta 8.5, wakati cha mbwa mkubwa kinaweza kuwa 18 na 5.5. Ndo maana usimpe papi kile cha mbwa wakubwa eti kwa sababu ni cha bei rahisi. Na wenye jamii kubwa, German shepherd, boerboel na wengine, nyie angalieni kiwe cha watoto wa mbwa wa maumbo makubwa, maana kwao kalsiamu ikizidi mifupa na viungo vinaharibika, na msiwaongezee unga wa mifupa wala vidonge vya kalsiamu juu ya chakula ambacho tayari ni kamili. Nimeona watu wanafanya hivo kwa upendo kabisa.

Tuje kwenye mfuko wa kufungwa, ambao ndo ninaoutumia. Nilichagua mdogo, kilo tatu, ingawa wa kilo 15 kwa hesabu ya kilo ni nafuu, kwa sababu nataka uishe ndani ya mwezi kabla mafuta hayajachoka. Nikaangalia tarehe ya kuisha muda, nikaangalia mshono haujarudiwa, nikaangalia neno kamili kwa ukuaji. Nyumbani naukunja mdomo nauweka mfuko wenyewe ndani ya ndoo yenye mfuniko, simwagi punje kwenye ndoo, kwanza mfuko una kizuizi cha mafuta ndani na pili tarehe na namba ya toleo zinabaki kama kikitokea kitu.

Na Tui akakikataa. Si kama kile cha kwanza, hiki alikinusa akachukua punje moja akaenda kuiweka kwenye zulia, akailamba, akaivunja, akala nusu. Akarudi akachukua nyingine. Punje sita halafu akaenda kulala. Alishajua kuna kitu kinaitwa kopo.

Nikampigia dokta nikiwa nimechoka kweli, nikamwambia dokta huyu amezoea vizuri, nirudi kwenye kopo tu. Akaniuliza swali ambalo ndo lilibadilisha kila kitu. "Cha kopo unampa cha friji au unakipasha?" Nikasema nakipasha kidogo. "Na kikavu je?" Kikavu nani anapasha? Akasema basi mpe vyote kwenye hali moja halafu uone.

Nikachemsha maji nikayachanganya na ya baridi mpaka yakawa kama yale ya kumwogeshea mtoto mchanga, unajaribu na upande wa ndani wa mkono pale kwenye mapigo, usisikie moto usisikie baridi. Nikapima gramu 25 za punje, nikamimina maji yafike juu yake tu, nikafunika na kisahani. Dakika kama tatu za mwanzo hakuna kitu. Halafu zinaanza kubadilika rangi pembeni, zinavimba, maji yanageuka ya kahawia, na ukifunua kisahani dakika ya 12 inakupiga harufu kama mchuzi wa kuku uliochemka mchana. Mimi niliisikia nikiwa nimesimama. Tui alikuwa kibarazani anatafuna ndala, aliiacha, masikio yakasimama, akaja mwenyewe bila kuitwa. Nikamchanganyia kijiko kimoja cha chakula cha kopo, nikakivuruga kabisa kiingie kila mahali ili asiokote cha kopo akaacha punje, nikaweka chini. Akala chote. Alisimama mara moja kupumua akaendelea.

Yaani alichokuwa anakitaka ni harufu, joto na ulaini. Mbwa anaanza kula kwa pua, chakula kikipata joto la mwili harufu inapanda, na maji moto ya kiasi yanafanya kwenye punje kile ambacho kiwanda kimefanya kwenye kopo, kwa gharama ya birika. Usitumie yanayochemka, utamuunguza na unaharibu vitamini, na usitumie maziwa ya ng'ombe, watoto wengi wa mbwa yanawaharisha. Kama unataka mchuzi basi chemsha kuku au mifupa yake bila chumvi na bila kitunguu kabisa, kitunguu maji na kitunguu saumu vyote vinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na hivi viungo vya pakiti vya mchuzi vimejaa vyote viwili, kwahiyo hata ukisema nimeweka kidogo tu, acha. Mifupa yenyewe iliyopikwa tupa, inapasuka vipande vyenye ncha.

Kuhusu kijiko cha kopo, vijiko viwili vya chakula kwa siku ni kama gramu 40, kalori 38, moja ya kumi ya siku nzima, kwahiyo hata ukitumia kopo la nyongeza kwa kiasi hicho hakiharibu uwiano. Kopo la gramu 400 kwa mwendo huo ni siku 10 na friji haiwezi kulilinda siku 10, ndo nikawa nalifungua, nakitia kwenye trei ya barafu, friza, halafu natoa kipande kimoja nakitumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu pamoja na punje. Dada anayenisaidia kazi ndo aliyegundua hilo la trei, sifa ni zake. Makopo matatu kwa mwezi, 22,500, jumlisha mfuko 54,000, jumla 76,500. Ukilinganisha na 225,000 unaona mwenyewe.

Mengine yaliyosaidia ni ya nyumbani kwetu wenyewe. Kumbe watoto walikuwa wanampa soseji chini ya meza wakidhani wanamsaidia, na mimi nilikuwa kila akikataa nakimbia kuleta kitu kingine kitamu zaidi, kwahiyo akajifunza kwamba ukikataa cha kwanza kinakuja bora. Sasa hivi ni milo minne, saa moja asubuhi, saa sita, saa kumi, saa mbili usiku. Chakula kinakaa dakika 20, kisipoliwa kinaondoka bila maneno na mlo unaofuata uko karibu, hakuna kukaa na njaa siku nzima. Akikataa milo miwili mfululizo napiga simu. Na akikataa huku anatapika, au anaharisha damu, au amelegea, au hata maji hataki, hapo hata usifikirie habari ya kikavu au kopo, hiyo siyo kuchagua chakula, ni kwenda kwa dokta siku hiyohiyo, parvo inaanza hivohivo na haisubiri kesho. Chanjo zake na dawa ya minyoo zisipitwe.

Najua kuna atakayeuliza mbona sisi tumelea mbwa kwa ugali na dagaa. Ni kweli, na mimi nimekulia nyumba hiyo, na dagaa ni chakula kizuri, wana protini na kalsiamu. Lakini bakuli likiwa ugali mwingi na dagaa wa kuhesabu, mtoto wa mbwa anajaa tumbo hajengi mwili, na dagaa wengi wa sokoni wana chumvi. Ukiwa huna uwezo wa mfuko, osha dagaa vizuri, ongeza wao na mayai yaliyochemshwa, punguza ugali, muulize dokta wako kuhusu madini. Siwezi kumlaumu mtu kwa hilo.

Na lile la meno, kwamba kikavu kinasafisha meno na kopo linayaoza, Tui anameza punje nzimanzima, hazisugui kitu. Punje za kawaida hazipigi mswaki. Mswaki unapiga wewe, na dawa ya mbwa siyo ya binadamu, maana ya binadamu inaweza kuwa na xylitol, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, ambayo ni sumu kali kwake.

Kwahiyo alama zangu: kopo kamili kwa ukuaji nyota 4, inapoteza moja kwa bei na usumbufu, kwa papi aliyetoka kuumwa au mwenye mdomo unaouma ningelipa bila kuuliza. Kopo la nyongeza kama mlo, 1, kama kijiko juu ya punje, 4. Kikavu cha mfuko uliofungwa, kikitolewa kikavu kwa papi huyu wangu, 3. Hichohicho kikilowekwa dakika 12 na kijiko cha kopo, 5, na ndo ninachowaambia ndugu zangu wote wenye papi msumbufu waanze nacho.

Jumapili iliyopita Tui alisoma kilo 3.2. Nilishaanza kupunguza maji, dakika 12 zikawa 8 zikawa 5, lengo afike kwenye punje kavu kabisa akifika miezi sita. Halafu juzi akasusa tena, nikashtuka, moyo ukarudi kwenye ule usiku wa bajaji. Nikamfungua mdomo taratibu, mbele chini kuna pengo, fizi nyekundu. Asubuhi nilipokuwa nakung'uta mkeka nikasikia kitu kimedondoka kwenye vigae, jino, dogo kuliko punje ya mchele, lina ncha kama sindano. Ana 28 ya utotoni na yote yatatoka yapishe 42 ya ukubwani, kwahiyo nimerudisha loweko dakika 20 mpaka punje zinapondeka kwa kidole, na nimenunua kopo moja la ziada la zile siku fizi zikiuma sana. Jana usiku alimaliza bakuli.